Miaka Minne Nikiwa Bibi Mkunde

Mwajuma mdogo wangu, nimestaafu Jumamosi iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minane na miezi mitatu. Hakukuwa na keki wala picha ya pamoja. Nilikunja kaniki, nikaiweka juu ya kigoda, nikavirudisha vyote kwa mikono miwili, basi. Mtu mwingine akisikia nimestaafu atacheka, maana wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne ndio kwanza wanatafuta kazi. Wewe hutacheka. Nimesikia wazee wameanza kuuliza kama mtoto wa kule Ngerengere naye ana mwanya wa meno kama wa bibi.

Unao, najua. Ndiyo maana nakuandikia hii kaunta buku. Mimi si mtu wa kusema, unanijua; mbele ya watu naangalia vidole vya miguu. Kuandika naweza. Vyeo sitakueleza, kwa sababu kilikuwa kimoja tu, nilianzia juu kabisa na nimestaafia chini. Mshahara ulikuwa ndizi.

Kazi yenyewe ni hii. Katika ukoo wetu, mwanamke mkubwa wa nyumba akifa, jina lake haliachwi lilale. Baada ya arobaini wanakusanywa mabinti wa upande wa kike, wanakaa mkekani, na jina la marehemu linaitwa. Atakayeitika ndiye amelirithi. Anakalishwa kwenye kigoda, anavishwa kaniki, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu wanamwita mama. Wajukuu wanamwita bibi. Alichokuwa anakiangalia marehemu, anakiangalia yeye.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, na viatu vya shule kwa sababu sikuwa na vingine. Tulipanda mlimani, juu ya Matombo, kwenye arobaini ya bibi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Uluguru ambayo huioni, unaona tu nguo zimelowa. Tulikalishwa mkekani mabinti watatu. Bi Asha, mdogo wake bibi, akasimama mlangoni akaita, "Mkunde!"

Akaita tena, "Mkunde!"

Nikaitika, "Abee!"

Nikuambie ilivyokuwa, kwa sababu watu wanasema niliitwa na bibi mwenyewe. Hakuna aliyeniita. Bibi mwaka wake wa mwisho aliishi kwetu Kihonda, na masikio yalishakufa. Jirani akija getini akiita "Bibi Mkunde!", bibi hasikii, basi mimi ndiye niliyekuwa naitika kwa niaba yake, "Abee!", natoka kusikiliza shida. Nilifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima. Mdomo ulishazoea. Pale mkekani jina liliitwa mara ya kwanza nikajizuia, mara ya pili mdomo ukanitangulia.

Akina mama walipiga vigelegele. Mama yangu alilia, akanipigia magoti kwenye matope, akasema, "Shikamoo, mama."

Wale mabinti wawili baadaye waliniambia kwamba mama zao waliwaonya njiani: likiitwa, uma ulimi. Mimi mama yangu hakunionya. Kwa miaka minne sikumuuliza kwa nini.

Vifaa vya kazi ni vitatu. Kigoda, ambacho kimechimbika katikati kwa makalio ya Mkunde watano waliopita, na makalio yangu hayakuwahi kulijaza lile shimo. Kaniki, ambayo inanuka moshi hata ukiifua kwa sabuni ya unga. Na kata ya kibuyu ya kumwagia maji makaburini. Kata shika kwa mkono wa kulia, kidole gumba kisiingie ndani. Nilikiingiza mara ya kwanza, nikasikia mzee mmoja nyuma yangu ananong'ona, "Mkunde huyu bado mbichi."

Mwalimu wangu alikuwa Bi Asha. Ana meno manne na anayatumia yote kusema watu. Alinikalisha chini ya uchaga wa mahindi akanipa masharti. "Usikimbie. Usicheke kabla ya wenzio kucheka. Wakikusalimia shikamoo, itikia upesi, usimwache mtu mzima kainama. Na ukiulizwa jambo la zamani usiseme hujui. Utaachaje kujua mambo yako mwenyewe? Sema umesahau."

"Nikisema nimesahau kila siku, bibi?"

"Dada yangu alikuwa anasahau kila siku. Watasema umefanana naye. Na usiniite bibi. Mimi mdogo wako."

Hilo la "nimesahau" lilinisaidia mpaka siku moja halikunisaidia. Likizo ya kidato cha pili, wanawake wawili walikuja na ugomvi wa mpaka wa magimbi. Bibi ndiye aliyewakatia sehemu zamani, kwa hiyo wote wawili walikuja kuniuliza mimi.

"Mkunde, si wewe mwenyewe ulituonyesha? Ulisema mpaka ni mdalasini."

"Acha uongo! Mkunde alisema jiwe. Mama, si ulisema jiwe?"

Nikasema nimesahau.

"Basi kumbuka," akasema yule wa jiwe. "Tunasubiri." Na kweli wakakaa chini, wakaanza kuchambua mboga zao, wananisubiri nikumbuke maneno niliyoyasema kabla sijazaliwa.

Mwajuma, nilishindwa kuvumilia kuangaliwa. Nikasema mdalasini, kwa sababu mdalasini ulikuwa karibu na macho yangu yaliweza kuuangalia badala ya kuwaangalia wao. Yule wa jiwe alisimama, hakubisha hata neno moja, akaenda kung'oa magimbi yake matuta mawili. Mkunde ameshasema. Nilimwona mgongo wake ukipanda na kushuka mpaka giza likaanza kuingia. Mpaka leo sijui kama nilimdhulumu. Kwenye kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo naiota.

Misiba nilihudhuria mingi, siwezi kuihesabu. Mlimani mtu akifa, Mkunde lazima awepo, akae upande wa wanawake wakubwa, asile mpaka aombwe. Shuleni mwalimu wa darasa aliniuliza, "Zena, ukoo wenu una watu wangapi? Mbona mnakufa hivi?" Wenzangu walipojua sababu wakaanza kuniita Bibi. Mwanzo kwa utani. Baadaye utani ukaisha, jina likabaki, na hakuna aliyeniomba tena tuchangie chipsi. Hata wewe ulikuwa unatoka mkekani nikikaa. Nakumbuka, ulikuwa na miaka kumi, umeshika mdoli wa matambara, ukasema "Shikamoo bibi" ukahamia kwa wenzio. Sikulaumu. Nilitamani tu kukuambia mdoli wako hana jicho moja.

Lakini hayo ya nje yote niliyazoea. Sikuzoea nyumbani.

Nyumba yetu ya Kihonda ina vyumba viwili, tunaishi mimi na mama tu. Kabla ya hapo, mama alikuwa mkali kama mama wote. "We Zena! Sufuria hii umeosha au umeilowanisha?" Alinisuka kila Jumapili nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, nikitikisa kichwa ananipiga na kitana. Niliporudi kutoka mlimani na kaniki kwenye mfuko wa rambo, hayo yote yalikwisha. Mtu hamtumi mama yake dukani. Mtu hamkaripii mama yake. Alinipakulia mimi kwanza, kipande kikubwa. Sufuria nilizoziosha vibaya aliziosha tena, kimyakimya, nikiwa nimelala. Nywele alimwambia jirani anisuke, kwa sababu haiwezekani mama yako akae chini katikati ya magoti yako.

Na kila asubuhi, kabla hajaenda sokoni na mizigo yake ya ndizi na viazi, anakuja mlangoni kwangu, anainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilikuwa nalijibu lile shikamoo nikiwa bado na sare ya shule, nina matongotongo machoni.

Mwanzoni mwa kidato cha nne niliugua malaria kali. Mwili unatetemeka, nataka kutapika, nataka mtu mmoja tu. Akaja na uji, akapiga magoti kando ya kitanda, akainamisha kichwa. "Nikusaidieje, mama?"

Nilitaka aseme "pole mwanangu". Maneno mawili. Nikageukia ukutani. Pale ndipo nilipoamua nitaacha kazi, ila sikujua watu wanaiachaje.

Njia ilifunguliwa na mjomba Shabani, bila yeye kujua. Mjomba, kaka yake mama, ndiye msemaji wa ukoo. Si mtu mbaya, nakuomba usimfikirie vibaya. Nilipotimiza miaka kumi na minane alikuja na muhtasari wa kikao cha ukoo kwenye bahasha ya kaki, amevaa koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Mjomba ana mvi, Mwajuma.

Akaeleza kwamba mirathi ya bibi haijawahi kufunguliwa mahakamani. Shamba lote la mlimani, la mdalasini, ndizi na mfereji wa maji wanaotumia majirani, bado liko kwenye jina la bibi. Wamekaa wakapendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi na mrithi wa shamba. "Wewe si ndiye Mkunde? Unajirithi mwenyewe tu. Utasaini, tutakuwa tumemaliza." Akasema pia kwamba baada ya hapo itabidi nihamie juu. Mkunde haishi mjini milele.

Mama alikuwa anachagua maharage. Hakuinua macho, ila mikono ilisimama.

Tukaenda mahakama ya mwanzo, Jumatatu, sisi watatu. Karani alikuwa dada mwenye miwani na shali, ana mafua, anaongea kama amebanwa pua. Akasoma muhtasari mara mbili.

"Mkunde ni nani hapa?"

"Huyu," mjomba akasema, akinionyesha kwa mkono wazi, kwa adabu.

"Na marehemu anaitwa nani?"

"Mkunde."

Karani akanitazama, akatazama cheti cha kifo. "Mzee wangu, mahakama haiwezi kumteua marehemu asimamie mirathi yake. Mkunde amefariki, cheti hiki hapa. Wewe binti, jina lako?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa sijaulizwa swali hilo kwa muda mrefu, nje ya karatasi za mtihani.

"Zena," nikasema.

"Haya, Zena. Unajua unachoombwa?"

Nikatikisa kichwa. Basi akaanza kunieleza, anapenga kamasi katikati. Nakuandikia hapa vizuri, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayekueleza. Alianza kwa kusema yeye si wakili, anasema anayoyaona pale mezani.

Msimamizi si mwenye mali. Msimamizi ni mtumishi. Anakusanya alivyoacha marehemu, anaviorodhesha, analipa kwanza yale marehemu aliyokuwa anadaiwa, ndipo anagawa kwa warithi, na anarudi mahakamani kuonyesha alivyogawa. Akidanganya, anashtakiwa yeye, si marehemu. Mrithi ni mwingine: huyo anapokea fungu lake. Na madeni ya marehemu yanatoka kwenye mali ya marehemu, hayatoki kwenye jasho la mrithi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, ikabidi aniambie nirudie. "Mtu akiwa hataki?"

Mjomba akageuka. Mama hakugeuka.

"Halazimishwi," karani akasema. "Usimamizi unaweza kuukataa, wakapendekeza mwingine. Urithi pia unaweza kuukataa. Lakini usikatae kwa kununa. Sema mapema, sema mbele ya hakimu, iandikwe, uweke sahihi. Na ukikataa, umekataa fungu lote. Huwezi kuchukua ndizi ukaacha mfereji. Kisha usirudi baada ya miaka mitano useme ulikuwa mtoto." Akanitazama juu ya miwani. "Umeshauza chochote cha shamba hilo? Umekata miti? Umepangisha? Maana ukianza kuitumia mali kama yako, halafu useme huitaki, watu watakuuliza."

"Nimekula ndizi," nikasema. "Kila Jumamosi. Miaka minne."

Karani akacheka mpaka akakohoa. "Ndizi za kwa bibi yako? Mwanangu, kwa hizo ingebidi tufunge Morogoro nzima."

Mwanangu. Alilisema hivihivi tu, kama wanavyosema watu wote. Nikaanza kulia pale mezani kwake, mjomba akadhani ni kwa sababu ya ndizi.

Mbele ya hakimu nilisema mwenyewe. Naitwa Zena, sitaki usimamizi, sitaki fungu, nimeelewa. Sauti ilitoka mbaya, nene, lakini ilitoka. Ikaandikwa, nikasaini. Hakimu akawaambia ukoo wakae upya walete jina jingine. Yaani kitu kilichonilemea miaka minne kilichukua muda mfupi kuliko kununua vocha.

Mjomba nje alivua koti. "Sasa jina nalo? Umelikataa huko ndani?"

"Karani amesema mahakama hailijui."

"Ukoo unalijua," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Jina likilala, kila mtu atasema shamba ni lake. Hayo hukuyafikiria."

Kweli sikuyafikiria, Mwajuma. Nakuandikia na hilo.

Tukarudi nyumbani na mama. Akafungua mlango, akasimama hapohapo kizingitini. "Kwa hiyo unataka nibaki yatima?"

Nikamuuliza, hatimaye. "Ndiyo maana hukunionya?"

Alifunga kanga yake, akaifungua, akaifunga. "Alikufa akiwa kwangu, mimi niko sokoni. Nilirudi nikakuta ameshafunikwa. Ulipoitika pale mkekani, nikasema Mungu amenirudishia mama nimuage." Akaingia ndani. "Miaka minne sijamaliza kumuaga."

Jumamosi nilipanda mlimani peke yangu. Bi Asha alipokea kigoda, akakipangusa kwa kanga yake. Niliogopa atanilaani. Akaniuliza kama mahakamani kuna viti au mabenchi. Kisha akasema, "Ulilirithi kwa mdomo, utaliacha kwa mdomo. Wataendelea kukuita. Usiitike. Ukiitika mara moja tu, uko kazini tena, na mimi nitakuletea hiki kigoda mpaka Kihonda kwa kichwa changu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wachoke. Wa barabarani watachoka upesi. Mama yako atakuwa wa mwisho." Akanikatia kipande cha mdalasini. Nikakitazama tu. Akacheka meno yote manne. "Chukua, Zena. Hiki nakupa mimi, si urithi."

Kushuka, watu waliniita njiani. Kule kwenye mfereji yule mama wa jiwe alikuwa anaosha magimbi, akainuka, "Mkunde! Shikamoo!" Nikapita nimefunga mdomo. Yeye ndiye pekee niliyetaka kusimama nimwambie kitu, na yeye ndiye nisiyeweza kumwitikia.

Nyumbani nilimsalimia mama. "Shikamoo, mama." Hakuitika. Jumapili nikamsalimia, hakuitika. Jumatatu, Jumanne, hivyohivyo. Na yeye hakunisalimia. Tulipishana mlangoni kama wapangaji. Chakula alipakua sahani mbili sawasawa na kuziacha mezani. Sijawahi kuwa mpweke hivi hata nilipokuwa bibi wa watu wote, maana angalau bibi alikuwa anasalimiwa.

Leo asubuhi nilikuwa uani naosha vyombo. Mama alikuwa ndani anafunga mizigo yake ya sokoni. Akaita.

"Mkunde!"

Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikauziba kwa mkono wenye povu, nikaonja sabuni.

"Mkunde!"

Nilimsikia anasimama. Sauti yake haikuwa ya kuita mtu wa uani. Ilikuwa kama anaita ng'ambo ya bonde, kama tunavyoitana kule juu kukiwa na ukungu.

"Mkunde!" Mara ya tatu ilitoka ndogo.

Sikuitika. Hakuna aliyeitika. Nilimsikia analia, si kwa sauti, kile kilio cha mtu aliyeweka kanga mdomoni. Sikuingia. Machozi yangu yalidondokea kwenye karai. Alilia kwa muda mrefu, mpaka maji ya vyombo yakapoa, na nadhani safari hii alimaliza.

Kisha akapenga kamasi. Mlango ukalia. Akatokea uani na sufuria ya jana mkononi, macho mekundu, akaigeuza juani, akaitazama ndani.

"We Zena! Hii umeosha au umeilowanisha?"

"Abee, mama," nikasema.